Mbona yeye kaugua mimi sijaugua? Maongezi kuhusu jeni za kinga na kifua kikuu

Jamani habari za asubuhi. Naona wengine bado mnatafuta viti, kaeni hata pale kwenye ngazi hakuna shida, ila walio karibu na madirisha naomba mfungue yote, yani leo ni Machi 24 siku ya kifua kikuu duniani halafu tumejifungia humu watu wote hawa na feni mbili, hapana bwana. Haya, asanteni.

Mimi ni mtu wa maabara. Vile vikopo vya makohozi mnavyoleta asubuhi mmevificha kwenye mkoba kama mmebeba bangi, vinaishia mezani kwangu. Leo nimeombwa niongelee jeni. Nasema jeni, sisemi jini, naliweka sawa mapema kwa sababu mwaka jana kwenye kikao kimoja nilitamka hili neno mara moja tu, mzee mmoja aliyekaa mbele akamgeukia mwenzake akasema "si nilikwambia", na baada ya hapo hakusikiliza kingine. Jeni ni yale maelekezo yaliyomo ndani ya seli zako, nusu umepewa na mama nusu na baba, yanayoiambia seli itengeneze nini na kwa kiasi gani. Wengine wanasema vinasaba, sawa tu.

Na lingine nilimalize hapahapa. Ile mashine ya GeneXpert tunayopimia makohozi haipimi jeni zako! Watu wanasikia jina wanaogopa. Inasoma jeni za bakteria, kwamba yupo au hayupo, na kama yupo je amekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya TB, au bado inamshika. Zako wewe haina habari nazo. Kuna kijana aligoma kutoa makohozi akisema hataki ukoo wao uingizwe kwenye kompyuta, tulibembelezana naye mpaka saa saba mchana.

Sasa niwape stori iliyonifanya nikubali kuja. Kuna mama, tumwite Mama Zai, anapika vitumbua, mumewe alikuwa dereva wa daladala. Yule baba alikohoa miezi mitatu anakunywa dawa za kikohozi za dukani kabla hajaja kwetu, akaja, akapimwa, TB, akaanza dozi, akamaliza, akapona vizuri. Mama Zai tukampima, hana ugonjwa. Inapita miezi nane anakuja mtoto wao wa kiume anayefanya kazi Mtwara, huyu kipindi kile baba anakohoa alikuja likizo wiki mbili tu akarudi zake, sasa kakonda, usiku shuka linaloa jasho, kipimo kinasema ndiyo. Mama Zai akaniuliza pale dirishani, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mimi nimelala na baba yao kitanda kimoja miezi mitatu mizima, mbona mimi niko salama halafu mtoto wa wiki mbili ndo kaugua?"

Nikamjibu, bahati tu mama. Yani mtu mzima nina cheti kimetundikwa ukutani namjibu mwenzangu bahati. Niliona aibu jioni nzima.

Mtaa wenyewe ulikuwa na jibu lake tayari. Mtaa ulisema ni damu ya upande wa baba, maana hata babu yao inasemekana alikufa anakohoa, ule ni ukoo wa kifua. Na kule ambako yule kijana alikuwa ameshapeleka posa, posa ikarudishwa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kabla hajafika kwetu alipita sehemu moja ya matibabu, siitaji, mhudumu akamuuliza mbele ya foleni nzima "nyie kwenu mnayo hii eeh?", kijana akaondoka bila kupimwa, wiki sita zikapotea hivihivi.

Ugumu wangu mimi kuujibu mtaa ni kwamba mtaa haujakosea asilimia mia. Nikisema ni uongo mtupu na mimi nitakuwa mwongo. Kuna kitu kinarithiwa. Ila ugonjwa wenyewe haurithiwi, unaingia na hewa, unaotoka kwa mzazi na kushuka kwa mtoto ni ubora au udhaifu wa baadhi ya silaha za kupigana nao.

Zamani hata Ulaya waliamini ni ugonjwa wa ukoo, waliona nyumba moja inazika watoto wanne wakasema ni damu, mpaka daktari wa Kijerumani Robert Koch aliposimama Berlin tarehe kama ya leo mwaka 1882 akatangaza kamwona bakteria mwenyewe. Baada ya hapo habari ya urithi ikasukumwa pembeni, ikawa ni bakteria basi. Lakini hesabu zikawa hazifungi. Kama ni bakteria tu, inakuwaje karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa, na katika hao wanaokuja kuugua maishani mwao ni kama 5 mpaka 10 tu kwa kila mia? Waliobaki wanapika, wanaendesha bodaboda, wanasali, hawana habari.

Kuna tukio moja la Ujerumani, mji wa Lübeck, 1930, huwa silipendi kulisimulia kwa sababu kosa lilikuwa la meza ya maabara kama yangu. Watoto wachanga 251 walipewa BCG, chanjo ya TB, enzi hizo ilikuwa ya kunywa, kumbe imechanganyika na bakteria wa TB wa kweli. Watoto 72 wakafa. Lakini wengi wa waliobaki waliugua wakapona wenyewe, na wapo ambao hawakuonesha hata dalili. Tusidanganyane, dozi aliyopata kila mtoto haikuwa sawa, kwa hiyo sitasema hapa kwamba ni jeni peke yake zilizoamua nani azikwe nani akue. Ila madaktari waliobaki na zile rekodi walikuna vichwa.

Na hapa ndo penye utata, kwa sababu kutenganisha damu na chumba siyo kazi ndogo. Mtoto anarithi pua ya baba yake na anarithi pia chumba cha baba yake, lile dirisha moja lisilofunguka, uji uleule wa bila maziwa. Ukiona baba na mtoto wote wana TB utajuaje ni kipi? Watafiti wakaenda kwa mapacha. Mapacha wa yai moja jeni zao ni zilezile, wa mayai mawili ni kama ndugu wa kawaida tu waliozaliwa siku moja, lakini wote wamekulia chumba kimoja. Data za mapacha wa Uingereza zilipochambuliwa vizuri miaka ya 1970 zikaonesha kwamba mmoja akiugua TB, mwenzake wa yai moja alikuwa kwenye hatari kama mara mbili ya mwenzake wa mayai mawili. Mara mbili, siyo kidogo. Lakini hapohapo, hata kwa hao wa yai moja, wengi mwenzake hakuugua. Mtu ana jeni zilezile za mgonjwa kama zilivyo, na bado hakuugua. Wale waliorudisha posa ningependa wakae na hilo kidogo.

Sasa silaha zenyewe ni zipi. Chukulia ulinzi shirikishi wa mtaani kwenu. Bakteria wa TB anaingia na hewa mpaka ndani kabisa ya pafu, anakutana na seli inaitwa makrofeji, hii kazi yake ni kumeza wageni wabaya. Inammeza. Kwa bakteria wengi hapo ndo habari imeisha. Huyu wa TB akishamezwa anajikalia humohumo, yani mwizi kakamatwa, kafungiwa kwenye kibanda cha mlinzi, halafu kibanda anakigeuza gesti, anakula, analala, anazaa watoto. Mlinzi peke yake hamuwezi. Inabidi atume ujumbe, ujumbe huo ni protini inaitwa interlukini 12. Seli nyingine, hizi wanaziita seli T, zikiupata ujumbe zinapuliza filimbi, na filimbi yenyewe ni intaferoni gama. Mlinzi akiisikia ndo anaamka kikwelikweli, anamwagia tindikali, anamnyima msosi, anammaliza au anamzungushia ukuta asitoke humo.

Kila hatua hapo ina jeni yake, na kila jeni mimi na wewe tunaweza kuwa tumeandikiwa kwa herufi tofauti kidogo.

Hatua ya filimbi ilieleweka 1996. Kulikuwa na watoto wa Malta, na mtoto mmoja wa Tunisia, waliokuwa wanaugua vibaya sana kwa bakteria ndugu wa TB ambao sisi wengine wanatupitia tu. Yule wa Tunisia kilichomuua ni BCG yenyewe, hii chanjo iliyowaachia wengi wenu hapa kovu la mkononi. Walipochunguza wakakuta jeni inaitwa IFNGR1 imeharibika, ya kutoka kwa mama na ya kutoka kwa baba zote mbili. Hiyo ndo inatengeneza sikio la mlinzi. Filimbi inapulizwa wee, mlinzi kiziwi. Miaka miwili baadaye wakapatikana wengine ambao kwao shida iko kwa anayepuliza, ujumbe wa interlukini 12 unafika lakini seli T haina pa kuupokelea. Watoto wa namna hii ni wachache mno duniani, na mara nyingi wazazi wao ni ndugu wa karibu, jeni mbovu iliyokuwa imejificha upande mmoja inakutana na mwenzake. Usitoke hapa ukaanza kumwangalia mtoto wako anayekohoa ukadhani ni hao.

Kwa watu wa kawaida kama sisi tofauti zinakuwa ndogondogo. Kuna jeni waliigundua kwanza kwa panya, Montreal kule Kanada, 1993, siku hizi inaitwa SLC11A1 ila wazee wa kazi bado wanaita NRAMP1. Inatengeneza pampu ndogo kwenye ukuta wa kile kibanda, inavuta madini ya chuma na manganizi kuyatoa nje, mwizi abaki na njaa. Naipenda sana hii, yani mwili unapigana kwa kumnyima mtu chakula. 1998 walikwenda Gambia, wagonjwa kama 400 na wasio wagonjwa kama 400, wakakuta aina fulani za hii jeni zinaonekana zaidi kwa wagonjwa. Siyo kwamba kila mwenye nayo anaugua. Uzito tu umeegemea upande huo.

Ulaya nako kuna herufi moja kwenye jeni ya TYK2, ambayo ni kama waya wa ndani unaopeleka habari ya filimbi ipulizwe. Mtu akiirithi pande zote mbili hatari ya TB inapanda sana, wanakadiria kama asilimia 1 ya wagonjwa wa TB wenye asili ya Ulaya inatokana na hiyo. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba walichukua vinasaba kutoka mifupa ya kale ya watu zaidi ya 1,000 wa Ulaya wakaona kwamba hiyo herufi ilikuwa imeenea kama asilimia 9, halafu ndani ya miaka kama 2,000 iliyopita ikashuka mpaka kama 3. Yani TB yenyewe ilikuwa inawachuja, wenye nayo wanakufa kabla hawajazaa, kizazi hadi kizazi. Huku kwetu Afrika hiyo herufi ni adimu. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kipimo cha jeni cha Ulaya kwamba kitakwambia kama utapata TB Tandika, mwambie ahsante, apite na mlango uleule.

Ndo maana nafurahi nikiona kazi iliyofanywa kwa watu wetu wenyewe. Kuna utafiti ulitoka 2016, watu wanaoishi na VVU kutoka Tanzania na Uganda, waliopata TB 267 na wasiopata 314. Angalieni akili iliyotumika. Kawaida ukitafuta kwa nini mtu haugui huwezi kujua kama ana kinga nzuri au hajakutana na bakteria tu. Wao wakasema tuchukue watu ambao VVU imeshadhoofisha kinga yao, wanaishi mahali TB imejaa, halafu bado hawakuugua, hao lazima kuna kitu kinawabeba. Wakakuta sehemu moja kwenye kromosomu ya 5, kromosomu ni kama vitabu ambavyo jeni zimeandikwa humo, na jirani yake pale ni jeni inayotengeneza ule ujumbe niliowaambia, interlukini 12. Wenye aina fulani ya hiyo herufi nafasi yao ya kuugua ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu. Malta, Tunisia, Dar, Kampala, unakuta wote wanaishia kwenye filimbi ileile.

Kampala ina jingine, na hili ndo linanigusa zaidi kwa sababu ya Mama Zai. Kwa miaka mingi watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Marekani wamekuwa wakiingia nyumba za wagonjwa, wanawapima wote wanaokaa humo. Wakakuta kama mtu mmoja kati ya kumi, analala na mgonjwa, anavuta hewa ileile, lakini kipimo cha ngozi cha maambukizi ya TB hasi, cha damu hasi, wanarudi miaka kadhaa baadaye bado hasi. Mwanzoni ukisikia hivyo unadhani bakteria hakuwahi hata kumgusa. Sasa 2019 wakachimba damu yao zaidi, kumbe wana antibodi za TB, yani protini za kinga zinazomnasa bakteria, na wana seli T zinazomjua bakteria, ila hazipulizi ile filimbi tuliyoizoea, na vipimo vyetu vyote vinasikiliza filimbi hiyohiyo tu. Yani walikutana naye, wakamdhibiti kwa njia nyingine ambayo sisi tulikuwa viziwi nayo. Na kwa nini wao wako hivyo, jeni ni sehemu ya jibu, bado inachimbuliwa.

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Hizi tafiti nyingi za jeni za TB, ukizirudia nchi nyingine jibu halitoki lilelile. Kikundi kikubwa cha kimataifa kilikusanya data za mabara tofauti, wagonjwa zaidi ya 14,000, na katika hangaika yote hiyo sehemu iliyobaki imesimama kwa wote ni moja tu, iko kwenye jeni za HLA. Hizi ni kama mikono ya mlinzi inayoinua kipande cha nguo ya mwizi kuwaonesha wenzake "mnamtafuta mwenye shati hili". Mikono yetu haifanani, wangu unashika kipande hiki vizuri, wako unashika kingine. Na bakteria nao hawafanani, wa pwani ya Bahari ya Hindi siyo hasa wale walioenea Asia Mashariki, ndo maana mkono uliofaa kule huku unaweza kupwaya. Mimi nadhani tulipoteza miaka mingi tukitafuta jeni moja mbaya, wakati ni ndogondogo nyingi, kila moja inasukuma kidogo.

Na zote hizo ukizipanga zinazidiwa na vitu ambavyo havihitaji maabara. VVU isiyotibiwa inapandisha hatari zaidi ya mara kumi. Kisukari kinapandisha. Pombe, sigara. Na njaa, jamani njaa. India, jimbo la Jharkhand, walichukua familia za wagonjwa wakawapa kapu la chakula kila mwezi, nafaka na kunde, ndugu wa mgonjwa wakaanza kuugua pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko ambao hawakupewa. Majibu yalitoka 2023. Kunde! Hakuna jeni iliyowahi kunipa namba kama hiyo halafu ikawa inauzwa sokoni kwa kipimo cha kopo.

Mtaniuliza kwa hiyo hizi jeni zina faida gani kwetu. Kwanza chanjo, ukishajua Kampala wanashinda kwa njia gani unaweza kutengeneza chanjo inayoiga hiyo njia, maana BCG tunayo tangu 1921 na kwa mapafu ya mtu mzima haimlindi sana. Pili wale watoto adimu, siyo wale viziwi wa filimbi ila wale wa shida ya kupuliza, wanaweza kupewa intaferoni kama dawa, wakisaidiwa kabla hawajamalizika. Kipimo cha kukwambia wewe mwenyewe utaugua au la, hakipo, na mimi sikililii.

Nilirudi kwa Mama Zai baadaye, nilikwenda kununua vitumbua kwa kweli, nikakaa. Nikamwambia mama lile jibu langu la bahati lilikuwa la uvivu. Huenda wewe ni kama wale wa Kampala. Huenda bakteria unaye amelala na mwili wako umemfunga vizuri, na hapo jeni za kwenu zimekusaidia, au ni vile unakula na huvuti sigara. Nikamuuliza kuhusu kijana, kule Mtwara anakaa na nani. Akasema chumba kimoja vijana sita, wanapika mara moja kwa siku, na mmoja wao alikuwa anakohoa tangu mwaka jana, walidhani ni vumbi la saruji.

Tukaangaliana.

Yani miezi yote ile mtaa umezika ukoo mzima wa baba, na mimi nimejitahidi kusoma makaratasi ya Montreal na Lübeck, na inawezekana kabisa yule kijana hakuambukizwa na baba yake hata kidogo. Na hakuna mtu, na mimi nimo, aliyewahi kumuuliza huko anakolala anakaa na nani. Tulipiga simu Mtwara siku hiyohiyo, yule wa vumbi la saruji alipimwa, na hao wengine wanne nao.

Mama Zai hakuwa na maneno mengi. Aliniuliza kitu kimoja, mjukuu wake wa miaka saba anayelala naye, jeni zake zikoje. Nikamwambia sijui na sitajua, ila za kuzuia zipo, dozi kumi na mbili, mara moja kwa wiki, miezi mitatu. Wamechora kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, kila Jumamosi duara. Juzi nilipopita yalikuwa tisa.

Haya, dada wa nyuma pale mwenye kilemba cha njano, umenyoosha mkono tangu naongelea mapacha. Uliza.